Bonane ya Nkambo: saloni zetu, zawadi zetu, na historia iliyojificha nyuma ya kitambaa cha krosheti



Wiki iliyopita mu grupu yetu ya WhatsApp kulikuwa moto. Kamati ilileta bajeti ya sikukuu ya mwisho wa mwaka: chakula, muziki, viti vya kukodi, na mustari mmoja wa dola hamsini ulioandikwa "dekorasio". Ndugu mmoja wa uchumi akajibu haraka: "Dola hamsini kwa kutundika karatasi ku ukuta? Hayo ni mambo ya wazungu. Bankambo betu hawakupamba kitu." Dada mmoja akamujibu kwamba nyumba bila mapambo ni depo. Watu wakagawanyika, matusi kidogo, vichekesho vingi. Mimi nikajifanya mujanja, nikaandika kwamba mimi ni mutu wa historia, na ile neno "hawakupamba kitu" ninaweza kuivunja kwa dakika tano. Prezida akanikamata hapo hapo: "Basi andika, na uandike kabla ya Noeli."

Kwa hiyo naandika. Dakika tano hazikutosha. Nilienda kwa nkambo wangu, mama muzazi wa baba, anayekaa katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi hapa Lubumbashi. Nilitaka kumuuliza maswali mawili matatu. Nikarudi kwangu usiku.

Yeyote aliyekulia katika mji huu anaijua saloni ya nkambo hata kama hajawahi kuingia. Viti vinne vya mbao na mito yake. Juu ya kila mgongo wa kiti, kitambaa cheupe cha krosheti. Juu ya meza, kitambaa cha krosheti. Juu ya redio, kitambaa cha krosheti, na juu ya kile kitambaa, vaze la maua ya plastiki. Ku ukuta, picha ya shaba iliyopondwa kwa nyundo. Sisi watoto tulikatazwa kukaa kwenye vile viti, isipokuwa siku moja ya mwaka. Kuanzia tarehe moja Desemba nkambo anaanza: anatoa viti vyote inje, anafua vitambaa, anaviweka wanga, anavianika, anavipiga pasi, anavirudisha. Anafagia mara mbili. Anakuwa mukali. Niliwahi kumuuliza nikiwa mdogo kwa nini Desemba anakasirika hivi, akaniambia tu: "Bageni banakuya."

Safari hii nilimuuliza tena, wageni gani? Akacheka, halafu akanyamaza kidogo. Ndipo akanieleza jambo ambalo mimi, pamoja na diplome yangu, nilikuwa nimelisoma katika vitabu bila kujua kwamba nimelikalia kila Noeli.

Wageni wenyewe walikuwa wakaguzi.

Turudi nyuma kidogo. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa mikataba mifupi, wakafa wengi, wakakimbia wengi. Katika miaka ya 1920, hasa mwishoni mwake, kampuni ikabadilisha mpango: mufanyakazi aje na muke wake, akae miaka mingi, azae, watoto wasome, na wenyewe siku moja waingie kazi. Ndipo kambi zikajengwa vizuri zaidi, na shule, na hospitali. Lakini ukimuleta mwanamuke mu kambi, unataka pia awe mwanamuke wa aina fulani. Hapo zikaingia zile nyumba za mafunzo tunazoziita hadi leo foyer social. Wasista na mabibi wa Kibelgiji walifundisha kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika, kutunza mtoto. Si Kongo peke yake. Foyer ya Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, imeandikiwa historia nzuri na Nancy Rose Hunt, kwa miaka ya 1946 hadi 1960, na mutu wa Lubumbashi akiisoma atafikiri anasoma habari ya mama yake. Kule pia mafunzo hayakuishia darasani. Waalimu walitembelea wanafunzi nyumbani kuona kama somo limefika hadi chumbani.

Nkambo aliolewa mwaka 1959, akiwa na miaka kumi na saba. Aliingia foyer miezi michache baadaye. "Madame alikuwa anafika bila kupiga hodi," alinieleza. "Anapitisha kidole juu ya kabati. Kama kidole kiko na vumbi, anakuonyesha kile kidole, hasemi kitu. Mimi niliogopaka kile kidole kuliko fimbo." Mwisho wa mwaka kulikuwa mashindano katika kambi yao: nyumba iliyopambwa vizuri ilipata zawadi, chungu cha alumini au kitambaa. Nkambo alishinda mara moja. Chungu anacho mpaka leo, kimechakaa, anachemshia maji ya kuoga.

Na wanaume nao walikuwa na mtihani wao, mukubwa zaidi. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilileta karata ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa baevolue. Mwaka 1952 ikaongeza imatrikulasio, ambayo ilimpa Mukongo haki zilizokaribia zile za muzungu mbele ya sheria. Ili kuipata ulipaswa kupita mbele ya tume, na ile tume iliweza kufika kwako. Walitazama saloni, jikoni, choo. Walitazama kama unakula na uma, kama muke anakaa mezani pamoja nawe, kama watoto wanalala kwenye vitanda. Nchi nzima, waliofanikiwa walihesabika kwa mamia machache tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni kumi.

Fikirini, wandugu. Saloni ilikuwa chumba cha mtihani. Mutu ananunua viti si kwa ajili ya kukaa, bali kwa ajili ya kuonwa kwamba anavyo. Njo maana sisi watoto tulikatazwa kuvikalia! Katika hili ndugu yetu wa uchumi ana haki nusu. Kitambaa cha krosheti kiliingia nyumbani kwetu kikifuatana na daftari la mkaguzi.

Lakini nusu nyingine hana.

Nilimuuliza nkambo: kama vile vitambaa vilikuwa vya kuogopa kidole cha Madame, na Madame aliondoka, mbona uliendelea? Akanitazama kama mutu aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha. Akavua kimoja kwenye kiti, akakigeuza, akanionyesha. Foyer ilifundisha michoro mitatu tu, maua na nyota na majani. Kile alichonishikisha hakikuwa na maua. Kilikuwa na mistari iliyovunjika inayozunguka na kurudi. "Hii si ya Madame," akasema. "Hii ni ya kikapo cha mama yangu." Alikuwa amechukua mchoro wa vikapu vya kwao kijijini na kuuweka ndani ya uzi mweupe, katikati ya mashindano, na Madame akampa chungu cha alumini bila kujua anachokipa zawadi.

Sasa tuongee zawadi, kwa sababu saloni bila zawadi ni nusu ya sikukuu.

Neno letu bonane wote tunalijua: ni "bonne année" iliyopitia midomo yetu. Warundi na Wanyarwanda nao wanalo, wanasema ubunani. Kwa sisi bonane si salamu tu. Ni nguo. Mtoto akisema "baba, bonane yangu iko wapi?" anauliza nguo mpya ya tarehe moja Januari. Ile nguo, na viatu, na kuzunguka nyumba kwa nyumba kusalimia ili upewe biskuti au franga kidogo, halafu kupigwa picha kwa fotografa mukono kiunoni. Wote tunazo zile picha. Zangu sitazionyesha.

Wabelgiji walileta zawadi za watoto kwa njia mbili. Ya kwanza ni Saint Nicolas, tarehe 6 Desemba: askofu mwenye ndevu nyeupe anayegawa machungwa na vitu vitamu, pamoja na mtumishi mweusi mwenye kutisha watoto wabaya. (Nkambo alimuona mmoja shuleni. Alikuwa muzungu aliyepakwa makaa usoni, na watoto wote weusi walicheka mpaka mwalimu akakasirika. Hakuna aliyeogopa.) Ya pili ni ya Mwaka Mupya: kule Flandria mtoto anaandika barua nzuri, anaisoma kwa sauti mbele ya baba na mama wa ubatizo, halafu anapewa kitu. Na hata hiyo si yao peke yao. Wafaransa wanaita zawadi ya Mwaka Mupya "étrennes", na neno linatoka Kilatini, "strenae". Warumi wa kale walipeana matawi ya miti siku ya kwanza ya mwaka, kutoka msitu wa mungu-mke Strenia, kama kutakiana heri. Baadaye wakaongeza tende na asali, baadaye pesa. Yaani zawadi ya kwanza ya bonane inayojulikana katika ule ukoo wa desturi lilikuwa tawi lililokatwa porini, bila senti.

Hiyo nimeiweka kando kwa ajili ya bajeti yetu.

Na mti wa Noeli? Mwandishi mmoja aliyepita Strasbourg mwaka 1605 aliona watu wameweka misonobari midogo vyumbani, wametundika waridi za karatasi, matofaa na vitu vitamu. Kwa nini matofaa? Kwa sababu wakati wa baridi kule, tofaa ndilo tunda lililobaki ghalani. Hawakuagiza kitu mbali. Mapira ya kioo yalikuja karne ya 19, kutoka vijiji vya mafundi kama Lauscha, Ujerumani. Taa za umeme ni za 1882, New York, nyumbani kwa Edward Johnson, mutu aliyefanya kazi na Edison. Leo sehemu kubwa ya hayo yote inatengenezwa Yiwu, Uchina, na inafika kwetu kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa ndani ya kontena. Na ukikata ule uzi wa taa, ndani yake utakuta nini? Mukuba. Shaba. Inawezekana ilitoka umbali wa saa moja na hapa ulipokaa ukisoma. Inaondoka kwetu kama jiwe, inarudi ikiwaka nyekundu na kijani, tunailipa, halafu umeme unakatika.

Kama utafuata akili ya wale wa Strasbourg, basi mutu wa Lubumbashi mwezi Desemba anatundika nini? Mwembe umejaa. Flamboyant zinamwaga maua mekundu mpaka barabara inaonekana kama imefanyiwa harusi. Sisi tunapita juu yake na viatu tukienda kununua maua mekundu ya plastiki. Na pamba! Nimeona nyumba hapa, joto la mchana, mutu anatoka jasho, anabandika pamba ku mti wa sipré ili ifanane na theluji ambayo hakuna mutu wa ukoo wake aliyewahi kuikanyaga. Simucheki. Kwetu pia tulibandika.

Nkambo hakupenda pamba. Yeye kwa kreshi yake anafanya hivi, na ninawapa jinsi yake kwa sababu haigharimu kitu. Siku kumi na mbili kabla ya Noeli anachukua kopo za maziwa au sardini, anaweka udongo, anapanda punje za mahindi zikiwa karibu karibu kabisa. Anamwagilia asubuhi. Ikifika tarehe 24, kopo zimejaa mayani mabichi ya urefu wa mukono wa mtoto. Anazifunga kwa vipande vya kikwembe vilivyobaki kwa fundi cherehani, anazipanga mbele ya sanamu za udongo, na kreshi yote inakuwa na shamba lake. Kule Provence, kusini mwa Ufaransa, watu wanapanda ngano kwenye sahani tarehe 4 Desemba kwa nia ileile. Nkambo hajawahi kufika Provence. Yeye alitaka tu Yesu azaliwe mahali penye chakula.

Baada ya Epifania mahindi anawapa kuku.

Nafika sasa mwaka 1974, na hapa naomba mupunguze mwendo.

Mnajua mpango wa Authenticité. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Katanga ikaitwa Shaba, neno letu la Kiswahili, na nkambo anasema mpaka leo kwamba lilikuwa jina zuri lililotolewa na mutu asiyefaa. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, Kadinali Malula akapinga, akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi. Mwaka 1974 serikali ikatangaza kwamba Noeli si siku ya mapumziko tena. Ni siku ya kazi. Masomo ya dini yakaondolewa shuleni, misalaba na picha za Papa zikaamriwa kutoka mahali pa umma, picha ya Mobutu ikabaki peke yake ku ukuta.

Tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa Jumatano. Nkambo mwanaume alikuwa zamu ya asubuhi. Alitoka saa kumi na moja alfajiri kama siku yoyote, na sanduku lake la chakula. Watoto walienda shule? Nkambo anasema wengine walienda, wengine waliugua malaria ya ghafla. Alicheka sana hapo. Yeye alibaki nyumbani na viti vyake.

"Nilifunga dirisha," alisema. "Nilitosha vitambaa byote. Nilitandika. Niliweka mayani ya mahindi. Nilifanya nguvu kuliko ile mwaka ya Madame. Na hakuna mutu alikuwa anakuya kuangalia."

Mume alirudi saa tisa na vumbi mwilini. Akaingia, akasimama mlangoni. Anasema hakusema neno, alivua viatu. Hakuwahi kuvua viatu kabla ya ile siku ili kuingia katika saloni yake mwenyewe. Akaoga, wakala kuku wakiwa wamefunga pazia, wakaimba kwa sauti ndogo, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akaitikia sauti ya pili. Ukuta ulikuwa mwembamba.

Mimi nimesoma makala kadhaa kuhusu mgogoro wa Kanisa na serikali ya Zaire. Zinaongea juu ya maaskofu, barua, vijana wa chama. Zote ni za kweli. Ila sijaona hata moja iliyoandika habari ya pazia na ukuta mwembamba. Tulizoea kutafuta historia ofisini, na siku ile historia ilikuwa imekaa kwenye kiti chenye kitambaa cha wanga.

Tena si nkambo peke yake aliyeweka maneno yake mu saloni wakati ule. Katika miaka hiyohiyo, hapa hapa Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anachora historia ya nchi yetu juu ya magunia ya unga na kuizungusha akiuza. Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha hapa, aliongea naye kwa Kiswahili na kurekodi maelezo yake, na kitabu kikatoka mwaka 1996. Watu walionunua picha za wachoraji wa namna hiyo hawakuwa makumbusho. Walikuwa wafanyakazi, makarani, waalimu. Walizitundika saloni: Mami Wata, mutu aliyekwama kati ya simba na mamba na nyoka, na ile inayoitwa Colonie Belge, ambapo askari anampiga mufungwa viboko mbele ya mkubwa wa kizungu. Hebu fikirini ile saloni iliyokaguliwa mwaka 1955. Miaka ishirini baadaye, ku ukuta uleule, mukaguzi mwenyewe ndiye anayeangaliwa.

Picha ya shaba ya nkambo nayo ina hadithi. Kati ya 1974 na 1975 bei ya shaba duniani ilianguka vibaya, na mji huu unaishi kwa shaba, basi mifuko ikaanguka pamoja nayo. Bonane ya 1976, nkambo alikuwa anangoja kikwembe. Alikuwa amekwisha kuwaambia bamama wenzake jina lake na rangi yake. Mume akarudi na kitu kimefungwa ndani ya gazeti: bamba la shaba lililopondwa na jirani fundi, lenye msalaba mmoja mukubwa katikati, ule msalaba wa mikono minne sawa. "Nilikasirika siku tatu," nkambo anasema. "Nivae mukuba?"

Na aliogopa pia. Ile misalaba mitatu ilikuwa ku bendera ya Katanga ya Tshombe, kati ya 1960 na 1963. Kuitundika saloni wakati wa Mobutu kungeweza kusomwa vibaya na mutu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo ililala chumbani, nyuma ya mlango, miaka mingi. Ilihamia saloni katika miaka ya 1990.

Hapa ndugu yetu wa uchumi anisikilize vizuri, maana alisema bankambo hawakupamba kitu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wanaakiolojia walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pamoja na vyungu vizuri vya ajabu, bangili na mikufu ya shaba, vitu vya pembe. Ukubwa wa vyungu ulifuatana na umri wa marehemu: mtoto aliwekewa vyungu vidogo, vya kiasi chake. Mutu alikaa akafinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Katika makaburi ya baadaye, kuanzia karne ya 13 hivi, inaonekana misalaba ya shaba, mingine kifuani, mingine midogo karibu na mikono. Kabla ya koloni misalaba hiyo ilikuwa pesa, ilikuwa mali ya kuolea, ilikuwa zawadi kati ya koo na koo. Nkambo mwanaume hakusoma akiolojia. Alikuwa na shaba mkononi na hana pesa ya kikwembe, akafanya kile ambacho watu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kufanya karne nyingi. Nkambo nilimueleza habari ya Sanga. Akatazama lile bamba muda mrefu. "Kumbe ilikuwa mahari," akasema. "Angenielezaka."

Kitu kimoja cha mwisho, nacho ni changu.

Desemba 2004 nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa amepoteza kazi yake katika kampuni ya migodi, na zile pesa za kuondokea zilikuwa zimekwisha kabla ya mvua kuanza. Tulijua hakuna bonane. Watoto wanajua, hakuna haja ya kuwaambia. Tarehe 31 nkambo alikuja na mfuko. Ndani kulikuwa suruali na shati, za kitambaa kizito cha rangi ya krimu chenye majani ya kahawia. Nilikitambua mara moja. Lilikuwa pazia. Pazia la saloni yake, lile lililofungwa siku ya Jumatano.

Niliona haya. Nasema kweli, niliona haya mpaka nikataka kuugua. Tarehe moja niliivaa, nikatembea karibu na ukuta, na mtoto mmoja wa barabara yetu akapiga kelele, "Angalieni, dirisha inatembea!" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikalia, na sikukubali kupigwa picha mwaka ule. Katika albamu yetu, bonane ya 2005 haiko.

Lile pazia lilikuwa limefunga nini, sikujua. Nimelijua juzi, nikiwa na miaka hii yote na diplome ku ukuta. Nilimuuliza nkambo kama ile suruali ipo bado. Hapana, alikwisha kuikatakata. Vipande vyake ndivyo anavyofungia zile kopo za mahindi, mwaka baada ya mwaka, anafua na kurudisha. Nimeshika kimoja: krimu, jani la kahawia, ukingo umeshonwa kwa mukono.

Kuhusu bajeti, nimeongea na prezida. Dola hamsini ziende kwa chakula. Kila mutu alete kopo moja, udongo na punje za mahindi tutagawana ku lokali tarehe 13 Desemba, saa nane mchana. Wenye mashona nyumbani walete vipande vya vikwembe. Anayejua kupinda waya atufanyie gari mbili tatu kwa ajili ya watoto wa walinzi. Flamboyant hazina bei. Ndugu wa uchumi amekubali kubeba maji.

Nkambo atakuja kuonyesha namna ya kupanda. Ameuliza kama ku lokali yetu kuna viti vya kueleweka, na kama nimekwisha kupitisha kidole juu ya kabati.